Mnyoo Mmoja, Kliniki Tatu

(Mhadhara kwa matabibu, wauguzi na wanafunzi wa afya, Mwanza. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Mwangaluka. Mmeitikia kwa sauti, maana yake chai mmeshapata.

Niliombwa nizungumzie utafiti wa kitabibu kwenye magonjwa ya moyo, mapafu na matumbo. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina daktari wake, foleni yake na daftari lake. Mimi nimekuja na mnyoo mmoja tu, kwa sababu hapa kando ya ziwa mnyoo huyo anaweza kumzungusha mtu foleni zote tatu, na kila foleni ikamwandikia ugonjwa wake.

Ni mnyoo wa kichocho. Wengine hapo mmeshaegemea viti: kichocho tunakijua, mtu anakojoa damu. Hicho kipo, na wanaochota maji kwenye malambo na kulima majaruba ya mpunga mbali na ziwa wanakifahamu vizuri. Cha ziwani ni kingine. Mkojo haubadiliki rangi hata kidogo, kwa sababu minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo. Nenda mwalo wowote kuanzia hapa hadi Igombe, uliza. Utajibiwa, "Daktari, sisi huku hatuna kichocho, hatukojoi damu." Na anayekujibu yumo majini mpaka magotini, anasukuma mtumbwi.

Tumfuate huyu mnyoo tangu anapoingia. Konokono wa maji ya kina kifupi, pale penye majani, huachia viluwiluwi wadogo sana wa mnyoo huyu, hasa jua linapokuwa kali, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Ndiyo saa ya kufua, ndiyo saa ya watoto kuogelea. Wanapenya ngozi kwa dakika chache, bila kidonda. Halafu angalia njia wanayopita: wanaingia kwenye damu, wanafika upande wa kulia wa moyo, wanasukumwa kwenye mapafu, wanarudi upande wa kushoto wa moyo, ndipo wanapofika kwenye ini kukomaa. Hapo dume humkunjia jike ndani ya mfereji wa mwili wake, wakasafiri pamoja hadi mishipa ya matumbo na kukaa hivyo kwa miaka. Ndoa nyingi za mjini hazifiki huko. Kwa hiyo kabla hajawa mnyoo wa tumbo, alishapita moyoni na mapafuni. Ila safari hiyo ya kwanza si yenye madhara makubwa. Madhara ni ya mayai.

Jike mmoja hutaga mayai kama 300 kwa siku. Karibu nusu yanatoka na choo. Nusu nyingine yanabaki mwilini, na mwili unayazungushia kovu.

Sasa tuje maabara, maana huku ndiko tunakodanganyika zaidi. Njia tunayotumia vijijini ni Kato-Katz: Kato alikuwa Mjapani, Katz ni Mbrazili aliyeirekebisha na wenzake mwaka 1972. Choo kinapitishwa kwenye chujio, kinajazwa kwenye tundu la kibao kidogo, kinafunikwa kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, kisha unageuza slaidi na kukandamiza mpaka uone maandishi ya gazeti yanasomeka kupitia choo. Chini ya hadubini yai la kichocho cha tumbo hulikosi, lina mwiba ubavuni kama mwiba wa sato. Nilipoanza kazi hii nilipanga slaidi za kijiji kizima nikazisoma kesho yake asubuhi. Mayai ya kichocho yalikuwepo. Ya safura yalikuwa yameshayeyuka, kwa sababu hayo yanataka kusomwa ndani ya saa moja. Nikaandika kwa fahari kwamba kijiji hakina safura.

Lakini shida kubwa ni hesabu. Tundu lile linachukua miligramu 41.7 za choo, basi unazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Ukiona yai moja, unaandika 24. Usipoona, unaandika 0. Kwa slaidi moja hakuna mtu wa 10 wala wa 15. Wengi wao wanaandikwa wazima. Na mayai hayatoki sawa kila siku. Ndiyo maana watafiti wanachukua choo siku mbili au tatu na kusoma slaidi mbili kila siku. Sisi vituoni tunachukua mara moja, tena kwenye kikopo kilichokaa juani tangu alfajiri, halafu tunaandika "hakuna mayai" kwa mkono usiotetemeka.

Kipo kipimo cha mkojo, cha kudondoshea kwenye kipande kama cha kupimia mimba. Kinatafuta kitu ambacho mnyoo anakitapika kwenye damu yetu baada ya kula. Kinakamata wengi ambao hadubini inawaacha. Nacho kina utata wake: ule mstari mwembamba, hafifu, ambao mmoja anauona na mwenzake hauoni. Nimeshuhudia watu wazima watatu wakibishana dirishani juu ya mstari mmoja.

Niwaletee yule mgonjwa. Mvuvi wa dagaa, miaka thelathini na kitu. Mara ya kwanza alikuja na tumbo la kusokota na damu kwenye choo, akapewa dawa za amiba. Baada ya miaka akarudi anahema akipanda ngazi. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kifua kikuu, hata hivyo akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Mara ya tatu miguu imevimba, akaambiwa ni moyo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwona mara ya pili. Nilimuuliza kama anavuta sigara. Sikumuuliza anaogea wapi.

Aliyemgundua ni dada wa ultrasaundi. Alikuwa anatafuta maji tumboni, akaona ini. Mwaka 1904 daktari mmoja, Symmers, akiwa Misri, alikata maini ya wagonjwa wa namna hii akaona kuta za mishipa zimekuwa nene na nyeupe, akazifananisha na mashina ya viko vya udongo vilivyopangwa ndani ya nyama. Wazee wetu wenye viko wangemwelewa mara moja. Leo tuna mwongozo unaoitwa wa Niamey unaopanga picha za ultrasaundi za ini kwa herufi: A ni ini zima, B ni anga la nyota ambalo halithibitishi kitu, C na kuendelea ndiyo viko vyenyewe. Ini hilo bado linafanya kazi, macho si ya njano. Ila damu ya matumbo haipiti vizuri. Bandama inavimba, mishipa ya umio inajaa, na usiku mmoja mtu anatapika damu beseni zima. Jirani wanasema karogwa.

Na damu inapokosa njia inatafuta vichochoro. Vichochoro hivyo vinalikwepa ini, na mayai yanapita humo humo mpaka kwenye mapafu. Yanakwama, mishipa midogo ya mapafu inakunjamana na kuwa migumu, na upande wa kulia wa moyo, uliozoea kazi nyepesi, unasukuma mpaka unachoka. Kwenye eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ya yule mvuvi upande wa kushoto ulikuwa mzuri kabisa. Wa kulia umetanuka kama puto. Eko hiyo ni ya kushuku tu. Uthibitisho unataka kupitisha mrija hadi ndani ya moyo na kupima presha ya mapafu pale pale, na kwa sasa tunasema ni kubwa ikizidi milimita 20 za zebaki. Hospitali nyingi za kwetu hazina huduma hiyo. Wanaofikia hatua hii ni wachache miongoni mwa wenye ini la kiko, na Wabrazili ndio waliowafuatilia kwa muda mrefu kuliko wengine.

Choo chake? Hakuna mayai. Ugonjwa ukikomaa minyoo inaweza kuwa imeshakufa, makovu yamebaki.

Tiba yake: prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya 600, vichungu, na ale kwanza. Inaua minyoo iliyokomaa. Michanga inasalimika, kwa hiyo huenda ukarudia baada ya wiki kadhaa. Haiondoi kovu la mapafu. Kwa watoto kovu la ini linaweza kupungua. Kwa mishipa ya umio kuna propranololi, na kuifunga kwa vipete vya mpira. Kwa mapafu, dawa za kupunguza maji, na sildenafili, yaani Viagra. Mnacheka kwa sababu mnaijua kwa kazi nyingine. Ndiyo hiyo hiyo, inalegeza mishipa ya mapafu pia.

Mwanza ilikuwa moja ya sehemu za utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Afrika katika miaka ya 2010, uliolinganisha vijiji vinavyopewa dawa kila mwaka na vinavyopumzishwa. Maambukizi yalishuka. Lakini vipo vijiji ambavyo kila mwaka vinameza na kila mwaka vimejaa tena. Mtu anameza Jumatatu, Jumanne yuko majini.

(Muuguzi mmoja aliuliza kuhusu maji ya kuogea na kuhusu wavuvi.)

Ahsante, dada. Maji ya ziwa ukiyaweka kwenye pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vile viluwiluwi vinakufa. Kujifuta haraka kwa taulo usikutegemee. Kuhusu wavuvi: dawa zetu zimezoea kwenda shuleni na ule mti wa kupimia urefu, unaoonyesha mtoto ameze vidonge vingapi, na tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka na watu wazima wafikiwe pale maambukizi yanapofika asilimia 10. Tatizo timu inafika mwaloni saa tatu asubuhi, mvuvi wa dagaa kakesha, amelala. Ningekuwa napanga mimi, ningetazama kalenda ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa karabai haivuti dagaa, mitumbwi yote imeegeshwa, wanaume wako mwaloni wanashona nyavu. Siku hizo nne au tano nendeni na vidonge, na muende na uji.