Nyota Mbili za Nyavu na Taa za Jiji

Ndugu zangu, hili nimelisema Kigamboni, nimelisema Kibaha, na leo nalirudia hapa: nyota hafifu si nyota ndogo. Kilimia na Suheli mnazijua, sitazieleza. Nazungumzia nyota pacha za kundinyota la Nyavu, ziitwazo Zeta Reticuli.

Mwishoni mwa Desemba, saa tatu usiku, elekeeni kusini. Suheli, nyota angavu, iko kushoto; Achernar, angavu nayo, iko kulia. Katikati ya njia baina yao, mkizidi kidogo upande wa Achernar, hapo ndipo zilipo. Nikisimama Kariakoo, katikati ya taa za Dar es Salaam, sizioni kabisa.

Mwaka juzi niliwapeleka vijana wa sekondari Kimbiji, maana kule ukitazama kusini mwanga wa jiji unabaki mgongoni. Tukamkuta mzee anashona wavu kwa mwanga wa karabai. Tukampa shikamoo, tukamweleza shida yetu. Hakutuuliza mara mbili, akaizima. Nikawaambia vijana tukae gizani nusu saa, kwa sababu jicho lililotoka kwenye mwanga halizoei giza upesi. Dakika ya ishirini, kijana mmoja akawasha simu apige picha. Basi, wote tukaanza upya! Mnacheka, lakini sisi wa mjini hata hizo dakika ishirini hatuzipati, usiku wowote.

Binti mmoja wa kidato cha pili alikaza macho hadi machozi yakamlengalenga. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, usiikodolee. Itazame kama unavyomtazama mkwe." Binti akayapeleka macho kando kidogo, akanyamaza, halafu akanishika mkono: "Mwalimu, ziko mbili!" Mzee yule alisema kweli tupu. Katikati ya jicho panafaa kwa rangi na mchana. Mwanga hafifu hunaswa pembeni.

Pengo aliloliona binti ni kama sehemu ya sita ya upana wa mwezi mpevu. Kule kwenyewe linazidi mara 3,000 umbali wa dunia na jua, na kuzungukana mara moja tu huzichukua zaidi ya miaka 100,000. Sasa nisikilizeni vizuri. Zote mbili ni za jamii ya jua letu, na ziko umbali wa miaka ya nuru 39, yaani nuru yake hutufikia baada ya miaka 39. Lichukueni jua hili hili linalotuunguza mwezi wa pili, liwekeni kule: lingefifia vilevile, mngelitafuta kwa kumtazama mkwe. Mtoto wa Dar es Salaam ananyimwa kuona jua lingine, na anayemnyima ni taa iliyoelekezwa mawinguni!

Najua kuna atakayesema, mwalimu, taa zikizimwa wezi watatumaliza. Nani amesema zizimwe? Ifunikeni juu, imulike chini, pale anapopita mtu. Taa inayokupiga usoni haikuonyeshi mwizi, inakupofusha naye amesimama kivulini. Nimelijibu hili mpaka nimechoka, na nitalijibu tena.

Wengine wataniuliza habari za wageni wa angani. Mke na mume wa Marekani walidai kuchukuliwa na wageni hao mwaka 1961, na ramani ya nyota aliyoichora mke ikahusishwa baadaye na nyota hizi. Vipimo vya umbali vilivyofuata havikuiunga mkono ramani hiyo. Mwaka 1996 ilitangazwa sayari kwenye mojawapo, tangazo likafutwa.

Mzee aliuliza hizo Nyavu za mbinguni zinavua nini. Nikamwambia kundi hilo alilibuni Mfaransa Lacaille, aliyepima nyota kule Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, na wavu wake ni nyuzi za kupimia ndani ya darubini. Mzee akatikisa kichwa: "Basi naye alikuwa mvuvi."

Desemba, usiku usio na mwezi, tunakwenda tena Kimbiji. Anayekuja aniandikie jina lake pale mlangoni. Simu zitabaki kwenye gari.