Sikilizeni Kifua Kabla ya Kusimamisha Atropini

Ndugu wauguzi na matabibu, hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia. Mgonjwa aliyekunywa sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti anakufa kifua kimejaa maji, na atropini, dawa ya kukausha maji hayo, ipo kabatini, kwa sababu mtu ameona mapigo ya moyo 120 akaogopa kuendelea.

Sumu hii huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe wa neva. Asetilikolini ikirundikana, mate, jasho na ute humiminika na njia za hewa hubana. Atropini haiondoi sumu, inagombania tu vipokezi, yaani mahali asetilikolini inaposhika, kwa hiyo dozi hufuata wingi wa asetilikolini inayoshindana nayo. Kwa mtu mzima anzeni na miligramu 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 wekeni stetoskopu kifuani. Mkisikia bado mlio wa mapovu au filimbi, toeni 4. Dakika 5 nyingine, kama bado mnausikia, toeni 8. Hapo mmeshatoa miligramu 14 ndani ya dakika 10, na kama vichupa vyenu ni vya miligramu 0.6, mmevunja 24. Hesabuni akiba yenu leo, mgonjwa hajafika!

Mtaniambia kitabu kimeandika mwisho ni miligramu 3. Hicho ni kiwango cha moyo unaopiga polepole, 1 kila dakika 3 hadi 5, hakihusu sumu. Mtaniambia moyo unakwenda mbio. Unaweza kwenda mbio kwa kukosa oksijeni, na kifua kikikauka ukatulia. Mboni za macho, ambazo sumu huzibana, nazo huchelewa kufunguka, kwa hiyo msizisubiri. Tunachotafuta ni kifua safi, makwapa makavu, mapigo na namba ya juu ya presha vyote zaidi ya 80. Mapovu yakibaki upande mmoja tu, tuseme chini kulia, huenda ni matapishi yaliyoingia pafuni, na hayo atropini haiyakaushi.

Kisha dripu ya atropini: kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyotumika, yaani miligramu 1.4 hadi 2.8 kwa huyu wetu. Akipata homa, akaweweseka na utumbo ukanyamaza, atropini imezidi: simamisheni dripu dakika 30 hadi 60, mrudi na kiwango pungufu.

 Ila atropini haifanyi kazi kwenye misuli ya mwili: mgonjwa akishindwa kuinua kichwa kwenye mto, andaeni mashine ya kupumulia saa hiyo hiyo, hata kama kifua ni kikavu.