Chumvi Ndiyo Iliyoyaita: Mhadhara kuhusu Kile Shule Zetu Zinachopaswa Kufundisha

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokubali kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi nasi, nawashukuru sana. Nimeombwa nizungumze juu ya kile ambacho shule zinapaswa kufundisha ili vijana wetu wastawi. Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za jiji hili la Dar es Salaam kwa miaka 27, na ningeweza kuimaliza saa yote niliyopewa kwa kutaja masomo yanayokosekana, kwa kuwa kila mmoja wetu analo la kwake: huyu anataka kilimo, yule kompyuta, mwingine afya ya akili au utunzaji wa fedha. Sitafanya hivyo. Ninaamini kwamba tumekuwa tukiongeza masomo kwenye ratiba bila kugusa jambo moja lililo chini ya masomo yote, nalo ni uwezo wa kijana kuuliza kwa nini, kulitafuta jibu, na kulieleza kwa maneno yake mwenyewe mbele ya watu wanaoweza kumpinga.

Naomba niwasimulie tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha osmosisi Kidato cha Pili katika shule moja ya kata upande wa kaskazini mwa jiji, darasa lenye wanafunzi 84. Niliandika fasili ubaoni kwa Kiingereza, wakainakili, na siku iliyofuata nikauliza osmosisi ni nini. Walisimama watatu, mmoja baada ya mwingine, wakaitoa ile fasili neno kwa neno, nami nikaridhika. Kisha nikauliza, kwa Kiingereza kilekile, nani anaweza kunipa mfano aliouona nyumbani. Darasa likawa kimya. Nilisubiri, nikaona wanainamia madaftari, basi nikalirudia swali kwa Kiswahili. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, bibi yangu anatengeneza ng'onda pale Kunduchi. Akishampasua samaki anampaka chumvi, anampanga kwenye beseni, asubuhi unakuta maji yamejaa chini na samaki amekaza. Yale maji hakuyatia mtu. Chumvi ndiyo iliyoyaita."

Kwa lugha ya kitabu tunasema kwamba maji hupita kwenye utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, na ndiyo maana samaki aliyetiwa chumvi haozi upesi, kwa kuwa hata vijidudu vya kumwozesha hunyang'anywa maji kwa njia hiyohiyo. Kutoka maneno ya binti yule kufika maneno ya kitabu ni hatua moja, na mwalimu anaweza kumshika mkono akaivuka. Wale watatu waliokariri hawakuwa na mahali pa kuanzia, maana walikuwa na sauti ya maneno bila picha yake. Nilipofungua daftari la alama jioni ile niliona kwamba katika jaribio la mwezi uliotangulia binti huyo alikuwa amepata 19 kati ya 100, na aliyemsahihishia ni mimi. Nilikuwa nimepima jambo fulani kwa uaminifu kabisa, lakini halikuwa ujuzi wake wa biolojia.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu wa rika langu wakisikia jina hilo hukumbuka jembe, shamba la shule, banda la kuku na zamu ya kumwagilia bustani. Jembe tumelikumbuka, lakini tumesahau kwamba katika andiko hilohilo Mwalimu alitaja mambo matatu ambayo elimu inapaswa kuyajenga ndani ya kila raia, na la kwanza kabisa lilikuwa akili ya kudadisi. La pili lilikuwa uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayofanya wengine, na kuyakataa au kuyarekebisha yalingane na mahitaji yake mtu. La tatu lilikuwa kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake, anayewathamini wengine na kuthaminiwa nao kwa kile anachofanya wala si kwa kile anachopata. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo somo, na hakuna unaloweza kulitengea kipindi cha dakika 40 Jumatano asubuhi. Nadhani ndiyo sababu shamba lilidumu na udadisi ukapotea: matuta ya mihogo mkaguzi anaweza kuyahesabu akiwa amesimama getini, lakini ili ajue kama watoto wanauliza, inambidi aingie darasani aketi nao.

Tangu wakati huo tumebadilisha mengi. Mtaala wa mwaka 2005 ulitaka umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda na si kujua tu. Sasa tunayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inayoweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 ukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Ninayaunga mkono mabadiliko haya kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba tunaweza kufundisha mambo mapya kwa namna ya zamani: mwalimu ubaoni, kalamu zikikimbia, na somo la biashara likageuka orodha ya fasili za biashara, zikaririwe Oktoba na kusahauliwa Desemba.

Nina mfano wa karibu, nao si wa darasani. Kijana mmoja wa jirani yangu alimaliza Kidato cha Nne akiwa na alama nzuri ya hisabati, kisha akaenda Keko kujifunza useremala. Siku ya kwanza fundi hakumpa msumeno. Alimwonyesha mteja aliyekuwa amesimama na binti yake, akamwambia: "Mama huyu anataka kitanda cha tano kwa sita, cha mninga, chenye droo mbili chini. Mpigie hesabu ya mbao, umwambie bei, na umweleze kwa nini ni ghali kuliko cha paina." Kijana alijua kutafuta eneo la mstatili, lakini hakujua kwamba ubao hupungua unapopigwa randa, wala kwamba vipande vinavyobaki vina thamani. Hakuwahi kuulizwa swali ambalo nusu ya taarifa zake lazima azitafute mwenyewe, na zaidi ya yote hakuwahi kusimama mbele ya mtu mzima akatetea namba aliyoitoa. Aliniambia baadaye kwamba randa aliizoea baada ya wiki chache, ila ile kazi ya kumweleza mteja ilimtoa jasho mwaka mzima. Fundi yule hakuwa na cheti cha ualimu, lakini alijua kufundisha kwa swali. Amali ikiingia shuleni bila swali la namna hiyo, tutapata vijana wanaoweza kutaja aina za maungio ya mbao wasiojua lipi litahimili droo iliyojaa nguo.

Sasa nifike kwenye lugha, na hapa nawaombeni subira, kwa sababu najua wazazi wengi waliomo humu wamejinyima ili watoto wao wasome kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, kisha mtoto anavuka likizo moja na kukuta Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yamehamia Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Wanaodai kwamba istilahi hazipo nawakumbusha kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Mlimani, ilikwishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ninayo nakala, imechakaa kwa kutumika.

Sisemi Kiingereza kiondolewe. Watoto wetu wanakihitaji, na ningependa kifundishwe vizuri zaidi kuliko sasa, kama somo, na walimu waliokisomea na wanaokimudu. Ninachosema ni kwamba swali huzaliwa katika lugha ambayo mtu huitumia kushangaa, kulalamika na kubishana. Ukimnyang'anya mtoto lugha hiyo mlangoni mwa darasa, umemnyang'anya na maswali yake, naye atakupa kile pekee alichobaki nacho, yaani sentensi ulizomwandikia wewe. Ombi langu ni dogo kuliko pendekezo la mwaka 1982: mwanafunzi aruhusiwe kufikiri kwa sauti darasani kwa lugha anayoimudu, na katika mtihani wa taifa awe huru kujibu maswali ya kueleza sababu kwa lugha mojawapo kati ya hizi mbili.

Kuna mzazi aliyeniambia, na alisema kwa heshima, kwamba mtoto anayeulizauliza atakosa adabu. Naielewa hofu yake. Lakini wazee wetu walikwishalitatua jambo hili, na darasa lao lilikuwa barazani baada ya chakula cha jioni. Mtoto wa miaka saba anasema "Kitendawili!", na babu yake, mwenye mvi kichwa kizima, anaitikia "Tega!" Mtoto anatega. Babu akishindwa, anaambiwa atoe mji, naye anatoa: haya, chukua Bagamoyo. Mtoto anaupokea mji, anausifia, ndipo anafichua jibu. Na kesho asubuhi mtoto huyohuyo anamwamkia babu yake shikamoo kwa unyenyekevu uleule. Hakuna heshima iliyovunjika. Mkubwa alishindwa na mdogo mbele ya nyumba nzima, akalipa deni lake, na mapenzi yakaongezeka. Waswahili walikuwa na utaratibu kamili wa mtoto kumuuliza mkubwa na mkubwa kukiri kwamba hajui, na nashindwa kuelewa ni lini sisi walimu tulianza kuona kwamba kukiri hivyo ni aibu.

Mtauliza mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya 80 atafanyaje. Mimi nilianza na dakika tano za mwisho wa kipindi, ambapo kila mwanafunzi aliandika swali moja kwenye kipande cha karatasi, kwa lugha yoyote, bila jina kama anaona haya. Usiku niliyasoma yote, na kipindi kilichofuata kilianza kwa maswali matatu kati ya hayo. Mwezi wa kwanza karatasi nyingi zilikuwa tupu, au zimeandikwa "sina swali". Mwezi wa tatu nililazimika kununua bahasha kubwa. Hata hivyo sitaki kuwabebesha walimu mzigo ambao si wao peke yao wa kuubeba. Mtihani wa mwisho ukiendelea kuuliza fasili, mwalimu mwenye busara atafundisha fasili, kwa sababu mkuu wa shule, mzazi na afisa elimu wote watamhukumu kwa matokeo hayo. Tathmini endelevu tunayo tangu miaka ya sabini, ilipokuja baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kwa nia ya kutoitegemea siku moja ya mtihani, lakini tumeifanya nayo iwe mitihani midogo inayofanana na ule mkubwa. Iachwe ipime kazi moja tu kwa muhula ambayo mwanafunzi ameianzisha kwa swali lake, akaichunguza mtaani kwake, na akaitetea mbele ya wenzake kwa robo saa.

Namalizia kwa yule binti. Wiki moja baada ya somo la osmosisi nilikuta kwenye bahasha karatasi yenye mwandiko ambao sasa nilikuwa naufahamu. Aliandika: "Mwalimu, kama chumvi inavuta maji kutoka kwa samaki, mbona samaki walioko baharini hawawi ng'onda wakiwa hai?" Sikuwa na jibu la uhakika. Nililisoma swali mbele ya darasa, nikasema sijui, nikawapa mji wa Tanga, wakacheka na kupiga makofi, nami nikaomba siku mbili. Nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, nikarudi na habari kwamba samaki wengi wa baharini kweli hupoteza maji mchana na usiku, hivyo hunywa maji ya bahari bila kukoma na kuitoa chumvi yake kupitia matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia, na kwamba papa ana njia nyingine: huhifadhi yurea nyingi mwilini, ile inayotoka kwetu kwa mkojo, hata damu yake ikakaribia kulingana na bahari, na maji yasipate sababu ya kumtoka.

Darasa lilikuwa bado linanakili aliposimama bila kunyoosha mkono. "Kumbe ndiyo maana," alisema, "bibi akichelewa kumtia papa chumvi, ananuka mkojo." Nikafuta fasili yangu, nikaiandika sentensi yake ubaoni.