Toni mbili, kompyuta moja: sikia mdundo ukigawanyika

Karibuni watazamaji. Leo hatupigi ala. Tunatengeneza sauti fupi kwenye kompyuta, halafu tunasikiliza masikio yetu yanaifanyia nini. Vaa visikilizio, sauti iwe chini kwanza.

Fungua Audacity, programu ya bure. Kwenye menyu ya kuzalisha sauti, tengeneza toni ya hezi 500, urefu sekunde 0.1. Baada yake weka ya hezi 550, kisha 500 tena, urefu uleule. Malizia na kimya cha sekunde 0.1. Kimya hicho usikiruke, ndicho kinacholeta mdundo. Chagua vyote vinne, virudie mara 60, kisha cheza.

Unasikia farasi anakimbia: ta-ti-ta, ta-ti-ta.

Sasa toni ya kati ifanye hezi 1000. Cheza, na usikate mapema, maana mwanzoni farasi huenda bado yupo. Subiri kidogo… hapo! Kapotea. Zimebaki safu mbili: ya chini inagonga mfululizo bila kupumzika, ya juu inagonga kwa nusu ya kasi hiyo. Toni zikija haraka hivi, sikio huweka za juu na za juu, za chini na za chini, kila kundi likaenda zake. Huamini kwamba kasi inahusika? Kila kipande kipe sekunde 0.4. Farasi anarudi, ingawa sasa anatembea.

Hatua ninayoipenda mimi ni hii: rudi kwenye sekunde 0.1, toni ya kati iwe hezi 600. Fuatilia ile ya juu peke yake, itajitenga. Tafuta farasi, utampata. Mtafiti Leon van Noorden wa Uholanzi aliupima mpaka huu, kati ya kusikia farasi mmoja na kusikia safu mbili, katika tasnifu yake ya 1975.

Waganda walikuwa wakiutumia mgawanyiko huu tangu zamani. Tafuta video ya amadinda, marimba ya mbao 12. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja na sehemu yake, pigo la huyu likiingia katikati ya mapigo ya yule. Zikichanganyika, unasikia vijituni ambavyo hakuna hata mmoja wao anayevipiga. Wa tatu huokota noti za mbao mbili za chini kabisa na kuzirudia kwenye mbili za juu kabisa.

Jaribu kugonga meza ukifuata mkono wa mpigaji mmoja tu. Ukishindwa, punguza kasi ya video iwe nusu, ujaribu tena.