Kabla ya Kukabidhiwa Semi-trela: Mazungumzo kutoka Kigoma

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo na karibuni. Mimi ni Zuhura, niko hapa Kigoma Mjini pamoja na Kaka Jafari, ambaye kazi yake ni kuendesha magari makubwa ya mizigo, wakati mimi niko katika uwakala wa forodha na madereva hunipitia mezani kabla hawajaingia barabarani. Leo tunazungumza na vijana wanaotaka kuendesha semi-trela kama kazi ya maisha. Kaka Jafari, nimekusikia mara nyingi ukipinga dhana kwamba dereva wa semi-trela ni dereva wa gari dogo aliyeongezewa ujasiri.

JAFARI: Ahsante, Dada Zuhura. Ninaipinga kwa sababu semi-trela ni vyombo viwili vilivyoungana mahali pamoja, kichwa na trela, na kila kimoja kina tabia yake. Unapokata kona, magurudumu ya nyuma ya trela hayapiti yalipopita magurudumu ya kichwa, bali huingia ndani zaidi ya kona, na huko ndani, katika barabara yetu ya kwenda Kasulu na Kibondo, ndiko aliko mwendesha baiskeli aliyefunga mikungu ya ndizi nyuma yake. Ukitaka kurudi nyuma ili trela lielekee kushoto, unaanza kwa kuzungusha usukani kulia. Ukifunga breki ghafla kwenye utelezi, trela linaweza kukisukuma kichwa hadi gari zima likajikunja, na likishajikunja hakuna nguvu za mikono zitakazolinyoosha. Mtu aliyeendesha gari dogo kwa miaka mingi anafika kwenye semi-trela akiwa na mazoea ambayo baadhi yake ni lazima ayaache.

ZUHURA: Na habari ya breki zenyewe? Nimeona madereva wakisubiri gari lingurume kwa muda kabla ya kuondoka, na wateja wangu hudhani wanachelewesha mzigo kwa makusudi.

JAFARI: Wanasubiri upepo. Breki za gari hili hufanya kazi kwa upepo uliokandamizwa kwenye mitungi, na zile za kuegeshea zina springi zinazokamata magurudumu pale upepo unapopungua, kwa hiyo dereva anayejua kazi hutazama geji ya upepo kabla hajatazama barabara. Hata hivyo, upepo kujaa si mwisho wa habari. Chukua mteremko wa Sekenke, ambao kila anayetoka Singida kuelekea Igunga na Nzega akiwa na mzigo anaufahamu. Ukiushuka huku mguu umekaa juu ya breki tangu mwanzo hadi mwisho, breki zitapata moto kupita kiasi na kupoteza uwezo wa kushika, ingawa mitungi imejaa upepo. Gia nzito huchaguliwa juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, kisha injini yenyewe ndiyo inayolizuia gari, na breki za miguu hukanyagwa kwa vipindi. Anayengoja hadi katikati ya mteremko ndipo atafute gia nzito anaweza kuikosa, akabaki na gari linalokwenda bila gia.

ZUHURA: Kuna jambo lingine ambalo mimi hulikagua kwa macho tu pale yadi, nalo ni namna kichwa kinavyoungwa na trela.

JAFARI: Hapo ndipo ninapompima mwanafunzi. Anarudi nyuma polepole hadi pini ya trela iingie kwenye sahani ya kichwa na kufuli ijifunge, kisha anashuka, anainama na tochi kuhakikisha kwamba imefunga kweli, wala hategemei mlio peke yake. Anaunganisha mabomba ya upepo na waya wa taa. Anakwenda mbele kidogo huku breki za trela zimeshika, ili aone kama muungano unavumilia kuvutwa, na baada ya hapo ndipo anapoinua miguu ya trela, ile inayolishikilia likiwa halina kichwa. Kijana anayeinua miguu kwanza simpi gari langu, hata kama anaendesha vizuri namna gani.

ZUHURA: Nikirudi mezani kwangu, kinachowaangusha madereva wengi wapya ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, yaani mihimili 7 ya magurudumu, lakini idadi hiyo peke yake haitoshi kumlinda dereva. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi manne kila moja tani 18, na ekseli tatu za trela tani 24, kwa hiyo semi-trela la kawaida lenye ekseli 6 linafikia tani 50, na ndani ya hizo umo uzito wa gari lenyewe. Gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado likakwama kwenye mizani, kwa sababu mzigo umerundikwa mbele ukalemea ekseli za kichwa.

JAFARI: Na mizigo ya kwetu inalifundisha jambo hilo vizuri kuliko darasa. Chumvi ya Uvinza ni nzito, trela huonekana nusu tupu ilhali uzito umekwisha kutimia, na mfanyabiashara anasimama pembeni akiuliza kwa nini nafasi yote ile inapotea. Tumbaku ya Urambo na Kaliua ni kinyume chake, kwani marobota yanajaa hadi juu kabla uzito haujawa tatizo, lakini kimo kinakuwa kirefu, gari linayumba kwenye kona, na turubai lisipofungwa sawasawa mvua moja inatosha kuharibu mazao ya msimu mzima ya mkulima. Dereva anayetaka kudumu humweleza mwenye mzigo mambo haya kabla ya kupakia, kwa adabu na bila kutetereka, maana kwenye mizani atakayesimamishwa ni yeye.

ZUHURA: Tuseme sasa habari ya leseni, kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanaifahamu nusu nusu. Gari hili linahitaji leseni ya daraja E. Hailengwi moja kwa moja na mtu ambaye hajawahi kuwa na leseni yoyote. Anaanzia madaraja ya chini na kupata uzoefu kwanza. Mtihani husimamiwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Mafunzo ya magari makubwa ya mizigo yanatolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoko Dar es Salaam. Vilevile LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ina kanuni za mwaka 2020 za kuthibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara, kwa hiyo mtu asidhani kwamba kadi ya leseni ndiyo karatasi pekee atakayoulizwa.

JAFARI: Hapo nitaongeza neno juu ya utingo. Wako wanaosema njia ya utingo imepitwa na wakati, na kwamba kijana aende chuo moja kwa moja. Mimi sikubali. Utingo hujifunza kubadilisha tairi usiku, kufunga turubai, kusikia injini inapobadilika sauti, na kuishi na mzigo njiani, mambo ambayo chuo hakina muda wa kuyarudia hadi yakazoeleka.

ZUHURA: Nami sikubaliani nawe kikamilifu, kaka yangu. Utingo anajifunza kila alichonacho dereva wake, pamoja na makosa. Nimewaona vijana hodari kabisa kwa spana ambao hawawezi kusoma hati ya mzigo wa kwenda Burundi, wanafika mpakani Manyovu wakiwa na idadi ya magunia isiyolingana na karatasi, na gari linalala pale. Kama amepitia utingo, aende chuo. Kama ametoka chuo, akubali kukaa kiti cha kushoto kwa muda bila kujiona ameshushwa cheo.

JAFARI: Hilo la mwisho ninalipokea.

ZUHURA: Ninataka tukae kidogo kwenye malipo, kwa maana nadhani ndiko kazi hii inakoharibikia. Wasikilizaji wanaweza kukumbuka Aprili 2015, madereva wa mabasi walipogoma nchini, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya ajira. Kwa magari ya mizigo tatizo hilo halijaisha. Dereva anapewa gari kwa maneno ya mdomo, mshahara ni mdogo, na sehemu kubwa ya kipato chake inatokana na posho ya safari, kwa hiyo kila siku anayopumzika anaiona kama fedha iliyotoka mfukoni mwake.

JAFARI: Na mwenye gari akiona dereva mmoja amefika mapema, anadai na wengine wafike muda huo huo. Sheria yetu inaliwekea gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi ya watu. Piga hesabu ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa, zaidi ya kilomita 1,200, na utaona kwamba anayejisifu kwa kufika haraka sana amevunja sheria ya mwendo au hakulala. Katika Umoja wa Ulaya dereva hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kifaa ndani ya gari kinaandika muda huo. Kwetu wengi wanajisimamia wenyewe, na usingizi hauna breki ya kuukanyaga.

ZUHURA: Kwa hiyo ninamshauri kijana, kabla hajauliza gari ni la aina gani, aulize mkataba wa maandishi, aulize kama anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama mwajiri amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ndio unaohusika dereva akiumia kazini. Aulize pia nani hulipa faini ya mizani pale aliyezidisha mzigo ni mwenye gari. Swali hilo la mwisho huwakasirisha baadhi ya waajiri, na hasira hiyo nayo ni jibu.

JAFARI: Limebaki swali la reli. Vijana wanatuuliza kama inafaa kuingia katika kazi hii wakati mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022.

ZUHURA: Wewe unaonaje?

JAFARI: Ninaona treni itachukua mizigo mizito ya safari ndefu, hasa makasha ya kutoka bandarini, na dereva asiyejua njia nyingine isipokuwa ya Dar es Salaam atapungukiwa. Lakini treni haifiki kwenye ghala la Kakonko wala kwenye mashamba ya Sikonge, na mzigo wa Burundi kwa njia ya Manyovu bado utahitaji magurudumu ya mpira. Kijana anayeanza leo, mimi ningemwelekeza ajifunze safari fupi za mkoa na za mpakani: kupakia mara kwa mara, kurudisha trela nyuma kwenye yadi finyu, kusoma hati za forodha, na kuzoea vumbi na utelezi wa barabara za ndani. Safari hizo hazina sifa vijiweni, na posho yake ni ndogo kwa sasa.

ZUHURA: Basi kipindi kijacho tutafungua hati zenyewe, moja baada ya nyingine, tuone kila karatasi ya mzigo wa mpakani inamdai dereva nini. Ahsante, Kaka Jafari.

JAFARI: Ahsante, Dada Zuhura, na shukrani kwa mliotusikiliza.