RNA Inayoikwamua Ribosomu

Ahsanteni kwa kujitokeza, hasa ndugu zetu wa maabara waliotoka zamu ya usiku. Leo nataka tuzungumzie tmRNA, RNA ya bakteria inayofanya kazi mbili kwa pamoja, na hifadhidata ya mtandaoni iliyokusanya mifuatano yake, yaani mpangilio wa herufi zake.

Ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, husoma mRNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na kuunganisha asidi amino mpaka ifikie kodoni ya kukomea, yaani herufi tatu zinazosema "ishia hapa". Sasa mRNA ikiwa imekatika kabla ya kodoni hiyo? Ribosomu hukwama palepale. Mmeshaona lori likiharibikia Kondele jioni: lori lenyewe si neno, balaa ni foleni iliyo nyuma yake. Bakteria hulivuta lori hilo kwa tmRNA. Upande mmoja imejikunja kama tRNA, ile RNA inayoleta asidi amino kwenye ribosomu, na kubeba asidi amino iitwayo alanini. Upande mwingine ina maandishi mafupi ya kusomwa, kama mRNA. Ikisaidiwa na protini SmpB, huingia ndani ya ribosomu, nayo ribosomu huiacha mRNA mbovu na kuyasoma maandishi haya hadi kodoni ya kukomea. Katika bakteria E. coli, protini ile nusunusu hutoka na mkia wa asidi amino 11, na vimeng'enya vikiutambua mkia huo huikatakata. Keiler, Waller na Sauer ndio walioueleza mpango huu mwaka 1996.

Hifadhidata ya mtandaoni inaingiaje hapa? Mfuatano mmoja, tuseme wa E. coli wenye nyukleotidi (herufi za RNA) 363, hukuacha ukikisia ulivyojikunja. Katika mkunjo, G hushikana na C, na A na U. Panga mifuatano mingi ya hifadhidata, mmoja chini ya mwingine, utaona G ya hapa imegeuka A, na mwenziwe C wa kule naye amegeuka U. Jozi imebaki jozi. Basi hapo pana mkunjo, na hujashika hata pipeti!

Lakini kompyuta hutafuta ulichoiambia itafute. Programu za awali za kutafuta tmRNA zilitarajia jeni ya kawaida, na kwa bakteria Caulobacter zikatoka mikono mitupu. Mwaka 2000 ikabainika kwamba jeni yake imepinduliwa, sehemu ya mwisho imetangulia, na RNA yake hukatwa ikawa vipande viwili vinavyoshikana. Katika ukoo huohuo yumo Brucella, yule bakteria wa maziwa yasiyochemshwa. Wafugaji mliotoka Nyando mnamjua.

Kwa hiyo atakayefanya mradi wa Brucella muhula huu asinijie na "Mwalimu, haipo." Atafute vipande viwili. Na kwa kuwa mifuatano mingi katika hifadhidata imetabiriwa na kompyuta kutokana na jenomu (DNA yote ya kiumbe), haijathibitishwa maabara, ripoti yake iseme hivyo waziwazi, tena ukurasa wa kwanza.