Newport: Kabla ya Majumba Kulikuwa na Ramu

Hamjambo ndugu zangu huko nyumbani! Leo niko Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani, mji wa pwani ambao matajiri wa New York walikuwa wakija kupunga upepo kila kiangazi. Hebu oneni hili jumba nyuma yangu. Hii ndiyo The Breakers, vyumba 70! Mwenyewe alikuwa Cornelius Vanderbilt wa Pili, wa ule ukoo wa reli, na lilikamilika mwaka 1895. Makao ya kiangazi tu haya. Pale mbele kuna Marble House ya mwaka 1892, iliyogharimu dola milioni 11 za enzi zile, na milioni 7 kati ya hizo ziliishia kwenye marumaru.

Mimi napenda zaidi kutembea hapa Cliff Walk, njia ya miguu ya kilomita 5.6 juu ya magenge: huku bahari, huku majumba, na hulipi chochote. Wapenzi wa tenisi, mashindano ya kwanza ya taifa ya Marekani yalichezwa mji huu huu, mwaka 1881.

Sasa twendeni Farewell Street, kwa sababu utajiri wa Newport haukuanza na akina Vanderbilt. Mji ulianzishwa mwaka 1639, na katika karne ya 18 ulikuwa na viwanda vingi vya ramu, ile pombe kali ya miwa. Molasi, uji mzito unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, ilitoka visiwa vya Karibi, ikapikwa ramu hapa, ramu ikapelekwa Afrika Magharibi kubadilishwa na watu. Watu, jamani! Meli za Rhode Island zilibeba Waafrika zaidi ya 100,000.

Haya ni makaburi ya baadhi yao na ya watoto wao, yanaitwa God's Little Acre. Kuna jiwe moja hapa linanikaba koo kila nikilifikiria. Lilichongwa na Pompe Stevens, mtumwa aliyefanya kazi ya kuchonga mawe, kwa ajili ya ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki Desemba 1768. Akaandika juu ya jiwe kwamba yeye, Pompe, ndiye aliyelichonga. Mtu asiyemiliki hata mwili wake aliweka jina lake na la nduguye pamoja, na tunajua walikuwa nani.

Basi mkija Newport, anzieni hapa asubuhi, halafu ndiyo mwende kukata tiketi za majumba. Wenye maswali ya safari, niandikieni hapo chini, nitawajibu.